Kilo Thelathini na Sita, Kengele Moja

Pipa lilitengenezwa kulisha watu ishirini, na siku ile lilitakiwa kulisha watu arobaini na watano. Mwenye pipa hakuona tatizo. Waliofanya naye kazi walimwita Boila, kwa kuwa miaka ishirini na saba ndiye aliyelichunga boila la kiwanda cha mablanketi, na mtu aliyezoea kulisha moto wa zimwi lenye urefu wa nyumba mbili hababaishwi na debe la uani.

Alilitengeneza kwa mikono yake. Lilikuwa pipa la mafuta ya kupikia. Alilichoma moto mara tatu mpaka likabaki chuma kitupu, akalikata mlango ubavuni, akalitia bomba la kutolea moshi juu na tundu la kuingizia hewa chini, na ndani akapanga nyavu mbili za chuma, moja juu ya nyingine. Mlangoni alifunga kipimajoto cha lile boila lenyewe, chenye uso mpana kama sahani ya kulia. Siku kiwanda kilipouzwa kama chuma chakavu alikifungua kwa spana akatoka nacho chini ya koti, akampungia mlinzi mkono. Hakuiba. Ukimuuliza atakwambia alikiokoa, na usimuulize mara ya pili.

Nyama ilikuwa kidari cha ng'ombe, vipande ishirini na vinne vya kilo moja na nusu kila kimoja. Tangu jana vilikuwa vimepakwa chumvi, pilipili manga na unga wa kitunguu saumu, vikalala nusu kwenye friji yake na nusu kwenye friji ya dada yake, mtaa wa pili. Kilo thelathini na sita. Pipa, likibembelezwa, lilikuwa linachukua kumi na nane.

Sasa, kwa nini mtu mwenye akili timamu ajitwike mzigo kama huo? Kwa sababu ya mdomo wake. Kila mwaka wafanyakazi waliobaki wa kile kiwanda walikutana mara moja, wakanywa soda, wakataja waliotangulia, wakarudi makwao. Mwaka huu ulikuwa wa kumi tangu geti lifungwe. Kwenye kikao cha maandalizi mmoja akapendekeza chakula kiagizwe hotelini. Boila akasimama.

"Nyama ni juu yangu," alisema. "Nitaioka kwa moshi uani kwangu. Na tutakula kwa kengele moja."

Kikaoni hakuna aliyekuwa amezisahau kengele.

Kiwandani chakula cha mchana kililiwa kwa kengele mbili. Ya kwanza ililia saa sita, na hiyo ilikuwa ya wenye tai: mameneja, wahasibu, wasimamizi. Ya pili ililia saa saba kasorobo, na hiyo ilikuwa ya wenye ovaroli. Nyama ilipikwa kwenye sufuria moja, usije ukadhani kulikuwa na mbili. Wenye tai waliipakua kwa uma, wakichagua kama wanawake wanavyochagua nyanya sokoni, na kengele ya pili ilipolia wenye ovaroli walikuta mchuzi, mifupa na harufu. Boila angeweza kukutajia mwaka, siku, na jina la aliyeondoka na kipande cha mwisho. Kumbukumbu yake haikuwahi kwenda likizo.

Mke wake naye alizijua kengele hizo, tena kutoka upande wa pili. Alikuwa mpishi katika kantini hiyo hiyo, na ndiye aliyemwambia mapema, kabla hata nyama haijapakwa chumvi:

"Pipa linachukua vipande kumi na viwili, baba watoto. Weka kumi na viwili asubuhi, kumi na viwili mchana. Watu wanakuja saa kumi."

"Yaani kengele ya kwanza na kengele ya pili? Uani kwangu?"

"Mimi naongelea nyama."

"Na mimi pia. Kuna watakaokula ya moto na kuna watakaokula kiporo. Na watakaowahi ya moto nawajua, hata viatu vyao navijua."

Mama watoto alimtazama, akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimeoshwa.

Basi saa kumi na mbili asubuhi Boila aliwasha mkaa, akaweka juu yake magogo mawili ya mti mkavu, akaanza kupakia. Alipakia vyote ishirini na vinne. Vilikaa bega kwa bega, mgongo kwa mgongo. Vingine vilisimama pembeni kama abiria waliokosa viti, vingine akavining'iniza kwa waya chini ya mfuniko. Mlango ulikataa kufunga. Akausukuma kwa goti, akapiga komeo.

"Wote sawa," akaliambia pipa.

Pipa likakohoa.

Huo ndio ukweli, lilikohoa. Moshi ulitoka bombani mweupe, mzito, kwa vishindo, kama kifua cha mvutaji wa siku nyingi. Moshi mzuri wa nyama ni mwembamba, una rangi ya samawati iliyofifia, hata kuuona unakodoa macho. Huu ungeonekana na rubani. Boila akatazama kipimajoto. Baada ya nusu saa mshale ulitakiwa uwe umepita mia na kumi. Ulikuwa hamsini, na ulisimama pale kama mtu anayesubiri barua. Akaongeza kuni. Moshi ukazidi, mshale ukashuka. Mafuta na maji vilikuwa vinadondoka kutoka vipande vya juu kwenda vya chini, na kutoka vya chini kwenda motoni, na moto, uliokuwa hauna mahali pa kupumulia, ulikuwa unakufa polepole kwa adabu.

Boila alizunguka pipa mara nne. 

Saa moja na robo dada yake aliingia kwa mlango wa nyuma akiwa na kabichi nne ndani ya beseni. Dada mtu alikuwa mfumaji kiwandani, mashine namba tisa, na ulimi wake ulikuwa na kasi kuliko mashine ile.

"Mdogo wangu," alisema, akipepea uso kwa kiganja, "unaoka nyama au unafukuza mbu?"

"Inaanza kushika."

"Imeshashika. Imeshika nguo zangu zote. Wifi! Hebu njoo uone mumeo anavyowaita zimamoto."

Mke akatoka jikoni akijifuta mikono. Hakutazama moshi, alitazama kipimajoto tu. Kisha akamtazama mumewe, na katika kumtazama kwake hakukuwa na ushindi hata chembe, na hilo ndilo lililomuuma Boila zaidi.

"Fungua," alisema.

Akafungua. Vipande vya nje vilikuwa vimepakwa masizi meusi kama vimetumika kufutia chungu. Boila akapenyeza mkono katikati, akagusa kipande cha ndani kabisa. Kilikuwa cha baridi kama mkono wa mhasibu.

Akapiga hesabu ya jioni. Saa kumi jioni wangeingia watu arobaini na watano, wengine kwa fimbo, wengine kwa kushikwa mkono, watu waliokula mifupa miaka nenda rudi, na yeye ndiye aliyesimama mbele yao na kuahidi. Kama nyama hii ingeshindikana wangekula mkate na kabichi, wangemwambia asijali, wangemsamehe. Na katika mambo yote duniani aliyoyaogopa Boila, kusamehewa na watu wale kwa kuwapa kile kile walichopewa na wenye tai lilikuwa la kwanza.

"Wewe," mkewe alisema taratibu, "si ndiye uliyekuwa unawafukuza watu kwa koleo wasirundike magunia kwenye tundu la hewa la boila?"

"Ndiye mimi."

"Ulikuwa unawaambiaje?"

Boila akajikuna kidevu. "Kwamba moto nao una mapafu."

"Basi toa kumi na viwili, virudi kwenye friji."

"Nikitoa kumi na viwili," sauti yake ikapanda, "vya kwanza vitaiva saa tano na nusu. Watu wanakula saa kumi. Saa nne na nusu nzima, mama watoto! Vitakuwa mawe. Nani atakula mawe? Nikuambie ni nani? Wale wale!"

"Vitakaa vya moto."

"Kwa maombi?"

"Kwa blanketi."

Dada mtu akaacha kukata kabichi.

Katika nyumba ile yalikuwepo mablanketi matano, na manne kati yake hayakuwa ya kuhesabiwa. Ni haya ya siku hizi, mepesi, ukiyapuliza yanaruka. La tano lilikuwa juu ya kabati, ndani ya mfuko wa nailoni, na halikuwahi kutoka humo. Siku geti lilipofungwa kila mfanyakazi alipewa barua ya nusu ukurasa na blanketi moja. Miaka ishirini na saba, blanketi moja. La sufu nzito, la kijivu, lenye mistari miwili myekundu, la aina ile waliyoifuma wenyewe. Wengine walilala nalo usiku ule ule, na la mkewe lililaliwa mpaka likaisha. Boila alilifunga kwenye nailoni akaandika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, akaliita ushahidi. Lingepelekwa mahakamani. Kesi ilifunguliwa, ikaahirishwa, jalada likapotea, likapatikana, likapotea kwa mara ya mwisho. Wakili akahama mji. Blanketi likabaki juu ya kabati likingoja kuitwa.

"Lile halitoki," Boila alisema.

"Halitoki kwenda wapi? Mahakama ipi?"

"Halitoki!"

Mkewe akavuta kiti cha plastiki akakaa, akapanga mikono mapajani. Alipokaa hivyo, hata watoto wao waliokwisha kuoa walikuwa wanajipanga.

"Unaikumbuka Alhamisi ya mvuke?" aliuliza.

Swali gani hilo! Alhamisi ya mvuke ilikuwa kito cha maisha ya Boila. Alikuwa ameisimulia kwenye harusi, misibani, kwenye foleni ya benki. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wake wa kumi na tatu kazini. Wenye ovaroli walikuwa wamechoka na mifupa. Saa tano kamili, kwa makubaliano, yeye Boila alifunga valvu kuu, mvuke ukakatika kiwanda kizima, mashine zikasimama, watu wakakunja mikono. Na siku hiyo kengele ya pili ilipolia walikuta nyama. Kila mmoja kipande kizima, cha moto, kinatoa mvuke. "Walitetemeka!" ndivyo alivyomalizia kila mara. "Nyama waliitoa wenyewe!"

"Naikumbuka," alisema sasa.

"Hawakuitoa wenyewe."

"Nini?"

"Ulipokata mvuke, wakubwa walikimbilia kwenye kikao juu. Kengele ya kwanza ikalia, hakuna aliyeshuka. Sufuria imejaa, inanitazama. Mkuu wa jiko akasema ikae iwangoje, hata ikiwa mpaka jioni. Akatoka kuvuta sigara. Sisi wapishi watatu tukaenda stoo, tukachukua mablanketi mabovu, yale yenye kasoro, tukaifunga sufuria ile kama mtoto mchanga. Kengele yenu ilipolia tukafungua, tukawapakulia, nyama bado inaunguza ulimi. Wakubwa waliposhuka saa nane walikuta mchuzi." Akatabasamu kidogo. "Mkuu wa jiko alinikimbiza na upawa mpaka kwenye mizani ya malori, getini."

Dada mtu akaangua kicheko hadi kisu kikamdondoka. "Wifi! Na hukusema?"

"Nilimwambia nani? Huyu alikuwa anaisimulia vizuri sana."

Boila alisimama katikati ya uwanja, mikono miwili imejaa masizi, kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyozaliwa ilikuwa na chumba kingine nyuma. Alifikiri. Ilichukua muda, na moshi ukaendelea kumzunguka.

"Lakini mvuke niliufunga mimi," alisema hatimaye.

"Uliufunga wewe."

"Nisingeufunga, wangeshuka, wangekula."

"Wangekula, wangejilamba."

"Na nyie ndio mliofunika."

"Tulifunika sisi."

Akaupokea ukweli huo mpya kama mtu anavyopokea kiatu, akakijaribu mguuni, akatembea nacho hatua mbili. Kilimkaa. Tena, kusema kweli, kilimkaa vizuri kuliko kile cha zamani.

Akatoa vipande kumi na viwili, akachagua vile vya ndani vilivyokuwa bado vya baridi, vikarudi kwenye friji. Kumi na viwili vilivyobaki akavifuta masizi, akavipanga sita chini, sita juu, kati ya kimoja na kingine nafasi ya vidole viwili. Akakung'uta majivu, akafungua tundu la hewa lote. Moto ukavuta pumzi. Ulisikika kabisa, ule mvumo mdogo wa kooni, mvumo aliousikia asubuhi zote za miaka ishirini na saba kabla ya mtu mwingine yeyote kufika kazini. Mshale ukaamka. Sabini. Tisini. Mia na ishirini na tano, akapunguza hewa kidogo, ukatulia. Bombani moshi ukawa uzi mwembamba wa samawati, na harufu ikabadilika, ikawa harufu ile inayowafanya majirani wakumbuke kwamba wana jambo la kukuuliza.

Kuanzia hapo ilikuwa asubuhi njema. Boila alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kijiti mkononi, macho kwenye uso wa kipimajoto, na kila dakika ishirini aliongeza kipande kimoja cha kuni kisichozidi kiganja. Dada alikata kabichi na kuwasema waliokufa na walio hai bila upendeleo. Mkewe alipanga mikate. Mlango wa pipa haukufunguliwa. Kila aliyenyoosha mkono alipigwa kijiti.

"Nataka kuona tu," dada alilalamika.

"Utaona saa kumi kamili, na wenzako."

"Mimi ni ndugu yako!"

"Ndiyo maana nakupiga polepole."

Saa tano hodi ikagongwa mlango wa mbele. Mkewe akaenda kufungua, na aliporudi alikuwa amefuatana na mzee mmoja mrefu, shati limepigwa pasi mpaka linakata, shingoni tai ya kahawia. Boila hakuhitaji kutazama uso. Aliijua tai. Msimamizi wa zamu ya mchana, Mzee Tai mwenyewe, aliyekuwa akifika kantini dakika tano kabla ya kengele ya kwanza ili achague kiti.

"Bado unawahi," Boila alisema bila kuinuka.

"Sikuwahi," Mzee Tai alijibu. "Shemeji kanipigia simu. Kasema nije mapema na hiki."

Chini ya kwapa alikuwa na mfuko wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na kitu cha kijivu, chenye mistari miwili myekundu.

Boila akainuka sasa. Akausogelea ule mfuko kama anamsogelea mwizi aliyefanana naye. Lebo ilikuwa bado imeshonwa pembeni. Halikuwa limewahi kufunguliwa.

"Hili umelitoa wapi?"

"Ulipolitoa lako."

"Nyie mlipewa blanketi?"

"Ulidhani tulipewa nini?"

Boila alifungua mdomo. Kwa miaka kumi alikuwa amedhani mengi. Alikuwa amewapa wenye tai, kichwani mwake, magari, viwanja, bahasha nene. Alikuwa amewapangishia nyumba nzuri na kuwapeleka ng'ambo kutibiwa meno.

"Barua zote za kuachishwa kazi nilizisaini mimi," Mzee Tai alisema. "Mia mbili na kumi. Nikafika ya mwisho, nikaona jina ni langu. Nikasaini." Akalegeza tai kidogo, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya. "Na hili langu lina kasoro. Tazama pembeni, nyuzi zimeachia. Wewe wamekupa zima?"

"Langu zima," Boila alisema, na kwa sababu asiyoijua akajisikia aibu kidogo.

"Na mwenye kiwanda?" dada mtu aliuliza kutoka kwenye kabichi zake. "Yeye alipata blanketi gani?"

"Alipata ardhi," Mzee Tai alisema.

Wote wakalitafakari eneo lile la kiwanda, na ukuta mrefu uliojengwa kulizunguka, na majengo mapya yaliyomo ndani sasa. Hasira ya Boila, iliyokuwa imekaa miaka yote hiyo kwenye meza moja ya kantini ikimtazama mtu mmoja akichagua nyama kwa uma, iliinuka pale, ikapanda ngazi, ikaenda zaidi kule juu ambako haikuwahi kufika. Haikupungua. Ilipata nafasi tu, kama moto ule.

"Lakini ulichagua," akamwambia Mzee Tai. "Kwa uma. Mimi nakumbuka."

"Nilichagua," Mzee Tai alisema. "Nami nakumbuka."

Boila akaelekea mlangoni. Aliingia ndani, akapanda kwenye kiti, akashusha ushahidi.

Saa tano na nusu pipa likafunguliwa. Vipande kumi na viwili vilikuwa vimevaa koti la rangi ya mbao nzee, vikavu kwa nje, vinatetemeka kwa ndani ukivigusa. Mama watoto aliamuru kama enzi zake jikoni. Boksi kubwa la plastiki, lile la kuwekea soda na barafu, alilimiminia maji yaliyochemka, akalifunika, akahesabu mpaka mia tatu, akayamwaga, akalikausha. Chini likaenda blanketi la Mzee Tai, kasoro ikielekea ukutani. Kila kipande kikazungushiwa foili mara mbili, vikapangwa vikibanana, maana humu sasa kubanana ndiko kulikotakiwa. Juu likaja blanketi la Boila, likakunjwa mara nne, likashindiliwa pembe zote kwa ngumi.

"Kama mtoto mchanga," mkewe alisema.

"Kama sufuria," Boila alisema, na wakacheka wawili tu.

Vipande kumi na viwili vya pili vikaingia pipani. Mzee Tai akapewa ndoo ya pili ya kukalia na kijiti chake. Ikagundulika kwamba mtu aliyesimamia zamu maisha yake yote anafaa sana kuangalia kipimajoto. Kila dakika tano alitangaza, "Mia na ishirini na tano," kwa sauti ya kazini, mpaka dada akamwambia atangaze kukiwa na habari.

Saa kumi kasoro robo walikuwa wameshafika wote. Uwanja ulijaa viti vya kuazima, fimbo, vicheko, vikohozi vikavu vya watu waliovuta manyoya ya sufu nusu ya umri wao. Zamu ya pili ilikuwa imetoka pipani na kupumzishwa kwenye beseni. Boila akaliinamia boksi.  Akaondoa blanketi la juu, akapenyeza mkono.

Akautoa haraka, akapuliza vidole.

"Vipi?" mkewe aliuliza.

"Imeniunguza," alisema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa tuzo.

Akakata kipande kimoja cha boksini na kimoja cha pipani, akawapa wale watatu waonje wamefumba macho. Walitafuna. Dada alikuwa wa kwanza.

"Hiki laini zaidi," alisema. "Hiki ndicho cha sasa hivi, sivyo?"

Kilikuwa cha boksini. Kile kilichongoja saa nne na nusu ndani ya sufu kilikuwa kimelainika mpaka kinaachana chenyewe, na kile kilichotoka motoni kilikuwa bado kinabishana na meno. Boila akabaki anaangalia sahani. Miaka yote hiyo aliapa kwamba kinachongoja ndicho kibaya.

"Sasa?" Mzee Tai aliuliza. "Laini apewe nani?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyeuliza, na kisu kilikuwa mkononi mwa Boila.

"Changanya," Boila alisema. "Kila sahani, kipande cha huku na kipande cha huku. Wewe pakua, mimi nakata." Akamkabidhi uma mkubwa. Akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia. "Na usichague."

Mzee Tai alipakua sahani arobaini na tisa, pamoja na zao wanne waliopika, akitazama mbele kama mtu anayekula kiapo. Sahani zikapita mkono kwa mkono mpaka kila paja lilikuwa na yake, na hakuna aliyegusa. Wote walimtazama Boila. Akachukua kijiti chake, akalikaribia pipa lililokuwa likipoa, akapiga mfuniko mara moja.

Lilitoa sauti pana ya chuma, ikaenda ikafika ukutani, ikarudi. Wengine walishtuka, wakaelekea kuinuka, miili ina kumbukumbu zake. Kisha wakasubiri, kwa mazoea, kuona kama kutakuwa na ya pili. Haikuja. Basi wakala.

Boila alikaa kwenye ndoo yake akala nyama yake, na alipofika nusu ya sahani alitambua kwamba hajatazama sahani ya mtu yeyote.

Jua lilipoanza kulegea, watu wakiwa wanaagana kwa zamu tatu tatu kama kawaida ya watu wasiotaka kuondoka, mama watoto alianika mablanketi mawili kwenye kamba ya nguo, la zima na lenye kasoro. Akalinusa la mumewe, akakunja pua.

"Hili hata ukilifua mara tano litanuka moshi na nyama. Nilirudishe kwenye nailoni?"

Boila alikuwa anakwangua wavu wa chini kwa spana ile ile ya zamani.

"Nailoni nimefungia mifupa," alisema. "Na usilifue."